Nyama Ilinikwama Ukweni

Redempta, nimejiaibisha kwa kina Sifael hapa Hedaru! Natamani ardhi ipasuke.

Mama yake alinipikia makande ya maziwa, chapati na nyama. Nilijua kabisa maziwa na ngano vinanivimbisha umio. Si unakumbuka daktari alivyosema? Huu ni mzio, usiache dawa hata ukijisikia nafuu. Mimi nikaacha mara tu nilipoanza kumeza vizuri.

Nikala kila kitu, shosti. Sikutaka waseme mchumba wa mtoto wao anachagua chakula.

Nyama ikakwama kifuani. Haipandi, haishuki. Hata mate hayapiti! Nikayatemea kwenye kanga mpya aliyonipa mama mkwe, na mchungaji wao, aliyealikwa chakulani, ananitazama.

Shangazi wa Sifael akapiga kigelegele: "Hiyo mimba!" Sifael akaniangalia kama hanijui.

Nikakimbilia nje, nikatapika mpaka ikatoka. Ndipo nikawaambia ukweli wote.

Unajua mama mkwe alisemaje? "Mwanangu, ungenifia mezani ningemwambia nini mama yako?" Halafu akalia. Akalia, Redempta! Mimi ndiye nimemliza.

Sifael anasema kesho lazima twende hospitali. Mimi nimejilaza chumbani, nimejifunika uso.

Mama mkwe yuko jikoni ananichemshia ndizi. Sasa hivi ameuliza kupitia dirisha, kwa upole kabisa: "Careen mwanangu, chumvi je, hiyo unaruhusiwa?"