Kidole cha Mjomba Asukile

Ilomba, Mbeya
4 Februari 1956

Mpwa wangu Lutengano,

Ugonile. Mimi mzima, mama yako pia mzima, jana alipita hapa akiwa na nguvu zake zote za kubishana. Wewe je, baridi ya Iringa inakuachia?

Nasikia umepewa mashine ya kukata majani kwenye nyumba za maofisa. Basi umeingia kwenye ufalme wangu. Ilipoletwa hapa klabuni kwa Wazungu, ninakofanya kazi, wanaume sita walikimbia. Mimi niliivuta kamba mara moja tu, ikanguruma hadi ndege wa mlima Loleza wakahama. Uwanja mzima nikaumaliza chai haijapoa.

Majani mabichi yakiziba mdomo wake, usiizime, kuiwasha tena ni taabu. Mimi huingiza mkono nikayatoa, nacho kisu hunikwepa. Kinanijua. Tena nakata miguu mitupu, mguu unasikia jiwe kabla ya mashine.

Mjomba wako,
Asukile, fundi wa majani Mbeya nzima


Mlandege, Iringa
19 Februari 1956

Mjomba, shikamoo.

Nimefurahi mko salama. Mimi nala vizuri, nalala vizuri.

Barua yako nilimsomea mwenzangu Yotamu. Nikamsimulia na yule chui aliyekula kidole gumba cha mguu wako mwaka juzi. Hakuamini. Nikamwambia aje Mbeya akione kidole kisichokuwepo.

Tulipewa buti nyeusi za kazi. Zangu nimezifunga kwenye gazeti, nitazivaa Juni nikimwoa Ikupa. Mvua haikatiki, mashine inaziba kila mara. Msimamizi anataka tuizime kwanza, lakini mimi nafuata yako. Nimeingiza mkono mara mbili. Mara ya pili kisu kilichukua ncha ya ukucha, nadhani bado hakijanizoea. Jumatatu ya tarehe 27 tunaanza uwanja mkubwa, nitakizoesha.

Mpwa wako,
Lutengano


Ilomba, Mbeya
24 Februari 1956

Lutengano,

Mimi mzima, salamu nyingine utazidai baadaye. Barua hii nampa Silvester, dereva wa basi, posta itachelewa.

Usiingize mkono. Hakuna chui.

Ile wiki ya kwanza ya mashine majani yalikuwa yameloa, nami miguu mitupu. Nikaivuta kinyumenyume kuja kwangu, nikateleza, ikanipanda. Kidole kiliruka hadi bustani ya jirani. Hapana, hapo nimeongeza, kilibaki palepale. Hospitali nililia. Nyumbani niliona haya, nikaleta chui, mama yako akanichinjia kuku.

Mkono sijawahi kuuingiza. Naizima, nangoja kisu kisimame kabisa, nachomoa waya wa plagi, ndipo natumia kijiti. Mawe naokota kabla sijaanza. Petroli simimini injini ingali moto. Na siku hizi navaa viatu.

Vaa buti. Ikupa anaolewa na wewe, haolewi na buti.

Mama yako asijue.

Mjomba wako,
Asukile


Ilomba, Mbeya
25 Machi 1956

Mpwa wangu,

Hujambo? Mwezi mzima kimya. Silvester anaapa alikupa barua mkononi. Mama yako anauliza kwa nini nashinda stendi ya basi.

Hata usiandike maneno. Andika namba tu ya vidole.

Mjomba wako


Mlandege, Iringa
8 Aprili 1956

Mjomba, shikamoo.

Ishirini.

Nisamehe. Barua ya Silvester niliipata Jumapili nikitoka kanisani. Kesho yake, badala ya uwanja mkubwa, nilipelekwa mbali Igowole pamoja na mashine, na huko sikupata njia ya kutuma barua. Nilikwenda nimevaa buti. Wiki ya pili, kwenye mteremko, mashine iliteleza ikanirudia, ikakata ncha ya buti ya kulia. Nilivua nikiwa nimefumba macho. Kidole kilikuwepo, hakina hata mkwaruzo.

Ikupa ameishona kwa uzi mweusi. Anasema nitamwoa nayo hivyo hivyo.

Yotamu bado anauliza habari za chui. Nimemwambia alikuwa mkubwa kuliko ulivyosema. Njoo harusini mapema, mjomba, yeye na wenzake wanataka kumsikia chui huyo kutoka kinywani mwako. Kuku tumeshamtenga.

Mpwa wako mzima,
Lutengano