Kigae cha Ndege cha Mama Naftali

Mwaka umetimia, mama Naftali, tangu asubuhi ile ya Machi 1913 ulipotutoka, na masika ndiyo kwanza yanaanza tena huku Meru. Kalamu siiwezi, unajua. Mimi nasema, mwanao Naftali anaandika.

Ulikuwa mwema, tena mbishi. Kila aliyepita njia ulimpikia ndizi, hata sisi tukalala nusu njaa. Vijana waliposhuka Moshi kulitazama gari la moshi, ulikataa kwenda. Uliniuliza, "Baba Naftali, na wageni wangu watalishwa na nani?" Wageni wenyewe ni ndege: chiriku, tetere na shorwe.

Kila kukicha uliwawekea ulezi na kipande cha ndizi mbivu kwenye kigae, chini ya masale, ile miti tunayopanda mpakani. Jirani wote wanawafukuza ndege mashambani kwa mawe na makelele, wewe unawakaribisha nyumbani. Nilipokutania kwamba unafuga wezi, ulisema utotoni uliwapiga mno kwa mawe ya teo shambani kwa baba yako, sasa unawaomba radhi.

Basi watu wakakuona. Chakula chini ya masale, kila siku: ndivyo wazee wetu wa zamani walivyowalisha mizimu. Habari ikafika kwa wazee wa kanisa, wakasema unatambika, wakakutenga na Meza ya Bwana mpaka utubu mbele ya watu. Uliwajibu, "Dhambi zangu nitazitubu zote. Hii siijui."

Mimi nilikuwa mmoja wa wazee hao. Ndege nilikuwa nawaona kila asubuhi kwa macho yangu, na sikufungua mdomo. Niliogopa watu waseme nyumba ya mzee wa kanisa inatambika. Miezi minne ulikaa benchi la nyuma, wenzako wakienda mezani.

Ulirudishwa kundini siku mwalimu wa misheni, yule Mjerumani, alipokuja kukaa uani kwetu ajionee. Ndege wakagoma kushuka, mpaka ulipomwomba avue ile kofia yake kubwa nyeupe. Tulicheka siku ile. Lakini mimi hukunisema, hata mara moja. Afadhali ungenisema.

Ulipoondoka nilikishika kigae mwenyewe. Ndege wakanikimbia. Siku nane ulezi ulilowa mvua ukamwagwa. Binti yetu Maria akaniambia, "Baba, wao wanaijua kaniki ya mama." Nikajitanda kaniki yako, mzee mzima na mvi zangu. Tetere mmoja akashuka, kisha shorwe wawili. Nililia, mama Naftali, sikufichi.

Sasa jirani wananicheka, na wapo wasiocheka. Wazee wenzangu wameniita Jumapili hii, niwaeleze kwa nini navaa nguo ya marehemu na kuweka chakula chini ya masale. Nitakwenda. Nitawaambia yale niliyopaswa kuwaambia wewe ulipokuwa umekaa kule nyuma. Wakinitenga, benchi lenyewe nalijua lilipo.

Tunaokukumbuka ni mimi mumeo Anaeli, wanao Naftali na Maria, na kaka yako Yoeli, ambaye siku hizi naye anawatunzia ndege wako ndizi mbivu moja asiile. Hatutakusahau maisha yetu yote. Kigae cha leo kimeshajazwa.