Kombe Lilipovuka Daraja: Kwa Baba Yetu Malachy Durkan

Mwaka umetimia, Baba, tangu utuage asubuhi ile ya Aprili. Buti zako za matope bado ziko mlangoni. Mwanao Fergal anasema zinanuka, lakini naye hajazigusa.

Leo hatuji na machozi. Tumekuja kujisifu kwa niaba yako, maana mwenyewe hukujua kujisifu.

Parokia yetu ya Kilcorran ilikuwa imeishiwa vijana. Wa chini ya miaka kumi na nne hawakutosha timu, na watu wakasema mpira wa Kigaeli, huu wetu wa mikono na miguu, umetufia mikononi. Wewe ukavaa kofia yako, ukavuka daraja hadi Drumsallagh, kwa mahasimu wetu, kuomba tuunganishe watoto. Dada yako, Shangazi Philomena, hakuwa amevuka daraja hilo tangu fainali ya ujana wenu, walipomvunja pua mchumba wake.

Concepta Geraghty, kocha wao, alikupokea mlangoni kwa mzaha.

"Mzee Malachy, leo jua limechomozea wapi?"

"Limechomozea kwako, mama. Nipe watoto, au nipe chai."

Alikupa vyote, kwa sharti moja: kombe likipatikana, litaingia Drumsallagh kwanza. Kwetu kombe hushushwa kwenye basi mpakani, pale darajani, likaingizwa kwa miguu, mioto ikiwaka kando ya njia. Parokia inayotangulia ndiyo hujiita yenye kombe. Ukakubali papo hapo.

Nyumbani hukupumua. Shangazi alisema umeuza parokia kwa kikombe cha chai. Ukamjibu huku ukikata machungwa ya watoto ya mapumziko: "Philomena, mnagombea ngozi na ng'ombe bado yuko malishoni."

Uliwafundisha wiki chache tu. Ulifuta mipira kwa kofia yako. Uliwatania. "Wewe, mbona unakimbia kama unakwenda kuungama?" Na kila jioni uliwaambia kwamba mpira haujui parokia. Kisha moyo wako ukasimama. Tulikuzika ulikotaka, kando ya mama yetu Attracta, kwao Drumsallagh. Shangazi alikusindikiza hadi darajani, akaishia hapo. Kuna waliosema hata maiti yako imetuhama.

Tuliogopa timu itakufuata. Concepta akachukua filimbi yako, akaendelea pale ulipoachia, na watoto wakashinda, mechi baada ya mechi, mvua ikiwapiga.

Kwenye fainali tulikuwa nyuma kwa pointi mbili, mwamuzi akitazama saa yake. Mpira ukamfikia mjukuu wako Tiarnán mbele ya goli. Angeweza kuupiga juu ya mwamba wa goli, apate pointi yake moja na makofi yake. Kulia kwake alikuwa Ruairí, mtoto wa Concepta, hana mtu wa kumkaba. Tiarnán akampa. Ruairí akafunga goli, na goli ni pointi tatu. Baba, tulipiga kelele hadi kondoo wa jirani wakavunja ua.

Basi likasimama darajani. Watu wa Kilcorran walibaki upande wetu, mikono mifukoni, wakingoja zamu yao kwa uchungu. Tiarnán na Ruairí wakashika kombe, huyu sikio hili na yule sikio lile, wakavuka. Ng'ambo, kabla ya nyumba yoyote na kabla ya moto wowote, kuna lango la makaburi. Wakaingia bila kuambiwa na mtu, wakaliweka juu yako.

Hapo ndipo tulipoelewa kwamba kombe limefika kwako kabla ya parokia zote mbili.

Shangazi Philomena akavuka daraja. Kilcorran nzima ikamfuata. Akamimina soda kwenye kombe, akanywa, akakumwagia kidogo kwenye nyasi.

"Mjanja wewe," akasema. "Umekufa na bado umenishinda."

Concepta akamshika mkono. Usiku ule mioto iliwaka pande zote mbili, na hakuna aliyeuliza nani ametangulia.

Unakumbukwa na wanao Nuala na Fergal, mkweo Sorcha, mjukuu wako Tiarnán, dada yako Philomena, na watoto wote wa timu, wa huku na wa kule. Msimu mpya umeanza, na mazoezi yanafanyika Drumsallagh. Shangazi ndiye anayekata machungwa.

Hatutakusahau kamwe, Baba. Daima tutakukumbuka, na kombe likija tena, litapitia kwako.