Kabla Ile Picha Haijakufikia

Kisangani, Kabondo
Mkesha wa Noeli, saa saba mchana

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, ingawa kwa haraka, kwa sababu Mama Véro atakayekuletea barua hii anapanda ndege ya Kindu saa kumi, na ameshanipigia simu mara mbili kuuliza kama nimemaliza. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa niliyotuma uliimeza mwenyewe, au umewagawia majirani kama ile ya kwanza? Sisi huku hatujambo. Béatrice ni mzima, na mjukuu wako Neema amerefuka hadi sketi ya mwaka jana imekuwa kichekesho. Mimi tu ndiye sina usingizi, na sababu yake ndiyo inayonifanya niandike badala ya kupiga simu. Kwa simu ungenikatiza uniulize kama nimekula, na kabla sijajibu mtandao ungekwisha kukatika.

Jambo lenyewe ni hili. Kesho, baada ya misa ya watoto, nitapigwa picha. Itaingia kwenye simu za watu wa parokia, na kabla wali wako wa Noeli haujaiva itakuwa imemfikia mdogo wangu Chantal, naye atakuwekea mbele ya macho. Utaniona nimesimama karibu na altare pamoja na watoto wa maskini, nimeshika shati la msaada kwa mikono miwili. Nataka uisikie habari hiyo kwangu kwanza. Unanijua mimi, na unajua Papa alikuwa mtu wa namna gani.

Unajua pia jinsi ninavyopenda kusimulia habari ya Papa na lile shati. Wabeba magunia wa mashine ya mchele wamegoma, Noeli inakaribia, patron, mwenye mashine, anawagawia watoto wao mashati mapya ili baba zao walainike. Papa analichukua la kwangu, analirudisha hadi mlangoni pa ofisi, anasema mtoto wake atavaa shati siku baba yake atakapolipwa. Nilikuwa na miaka minane. Siku ile ya Noeli nilishinda nyuma ya nyumba, karibu na jiko, nikisikia wenzangu wakipita barabarani na nguo zao mpya. Kwenye sendika, chama chetu cha kutetea walimu, hadithi hiyo imenipa heshima kubwa. Wananiita camarade, ndugu wa mapambano, nami wakiniita hivyo hunyoosha mabega.

Sasa, huku kwetu desturi ni ile ile ya huko. Siku ya Noeli mtoto anavaa nguo mpya na kuzunguka mtaani aonekane, na asiye nayo anabaki ndani. Mwaka huu Papa Gaston, mfanyabiashara wa saruji tunayesali naye katika shirika letu la mtaa, alitangaza kwamba atawavika watoto kumi wa maskini. Wataitwa kwa majina mbele ya altare, wapewe nguo, wapigwe picha pamoja naye. Watu wakapiga makofi. Wiki iliyofuata, tulipokutana tena, mimi nikaomba neno.

Nilisema mengi, Mama. Nilisema Yosefu na Maria hawakuwa safarini kwa matembezi, walikuwa wanatii serikali iliyotaka kuwahesabu. Nilisema mji mzima ulikuwa na vyumba na bado wao wakalala na ng'ombe, na malaika hakupeleka habari kwa bourgmestre, mkuu wa mji, wala kwa tajiri, aliipeleka kwa watu wa zamu ya usiku. Nilisema sikukuu ya namna hiyo haiwezi kuwa siku ya kuwapanga maskini mstari ili wanaowapunja mwaka mzima wapigwe picha nao. Maskini anataka mshahara, shule na dawa, na anavitaka hata mwezi wa pili wakati hakuna anayeimba. Padri wetu, ambaye ni mtu wa mizaha, akasema, "Leo mukomunisti wetu anahubiri kupita mimi."

Kisha nikatoa pendekezo langu, na nilikuwa nimelifikiria wiki nzima. Noeli hii watoto wote wa shirika waje misani na sare zao za shule, bluu na nyeupe, mtoto wa tajiri na wa maskini wasitofautiane. Tukapiga kura. Mikono ilinyanyuka hadi nyuma kabisa. Papa Gaston akasema tu, "Bon. Kama batu wote banapenda vile, mimi minafunga kinywa." Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara.

Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Juzi nilipita uani pa kanisa wakati watoto wanafanya mazoezi ya nyimbo wakiwa na sare zao, nikaona Rachel hayupo. Rachel ni rafiki wa Neema, ana miaka tisa, na ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Mama yake, Mama Georgine, alikimbia vita vya ng'ambo ya mto na watoto watatu, na wanaishi katika nyumba ya matofali ambayo aliyeijenga aliiacha bila kuimaliza. Nikaenda kuuliza. Nilimkuta anatwanga makemba, zile ndizi za kupika, kwa ajili ya lituma anayouza jioni, na muda wote niliokaa pale hakuacha kutwanga.

"Rachel iko mugonjwa?"

"Hapana, iko muzima."

"Basi mbona haji kwa répétition?"

"Atavaa nini, mwalimu? Mulisema uniforme. Uniforme iko ya mutoto mwenye anasoma. Bangu banasoma wapi?"

Mama, mimi huita majina darasani kila asubuhi. Katika kichwa changu mtoto maskini alikuwa yule mwenye sare iliyochakaa. Asiye na sare kabisa, kwa sababu jina lake halimo katika daftari la mwalimu yeyote, sikumfikiria hata dakika moja. Na siku ya kura Mama Georgine hakuwepo, alikuwa anauza lituma, na hakuna aliyesema tumngoje.

Yeye aliendelea, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Ule Papa Gaston, hata kama anapenda kelele, alituma fundi hapa. Fundi akapima batoto, mumoja mumoja. Rachel akaanza kuhesabu siku. Kiisha nyiye munasema hapana, itakuwa haya. Haya ya nani? Yee alau alipima mutoto mabega. Weye, mwalimu, ulimupima na nini?"

Nikajibu kwamba nitaona la kufanya, maneno yale yale ambayo serikali hutuambia sisi walimu.

Nyumbani mambo hayakuwa afadhali. Nilivuta sanduku chini ya kitanda nikitafuta karatasi zangu, nikakuta gauni jipya la Neema, jekundu, limekunjwa vizuri ndani ya kitenge. Nikamwita Béatrice. Hakuona hata aibu.

"Papa Neema, we badilisha dunia, mimi sikatai. Lakini mutoto wangu hatatembea Noeli na uniforme. Bamama wote ba shirika banauza zao. Misa na uniforme, kiisha misa tunabadilisha. Ulifikiri je?"

Huku kwetu mtu akisema banauza ana maana wamenunua. Basi usawa wangu ungedumu saa mbili. Baada ya hapo mtaa mzima ungejaa nguo mpya, hata kwa wale saba wengine wa Papa Gaston ambao mama zao wamejinyima wakanunua, na watoto pekee ambao wangebaki nyuma ya nyumba ni wale watatu niliowanyang'anya za kwao kwa kura. Nimekaa na jambo hilo siku mbili. Sili vizuri, na darasa la marudio nimelifundisha huku nikijikuta nimesimama na chaki sijui nilikuwa naandika nini.

Leo asubuhi nikapanda toleka hadi Makiso, kwenye depo ya Papa Gaston. Mwenye baiskeli alikuwa anapiga mluzi njia nzima. Yule fundi, Selemani, mtu wa kwetu Maniema, ameweka cherehani yake pale pale barazani. Papa Gaston aliponiona akauliza nani amekufa.

Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya nguo za watoto wa Mama Georgine.

"Nguo iko," akasema. "Kitambaa tulikata kabla ya kura yako. Nifanye nini nayo, niivae?"

"Nipe niwapelekee nyumbani, kimya kimya."

"Non, mwalimu. Si mimi peke yangu nilitoa. Commerçants wenzangu batatu balitoa, na banataka kuona. Bila photo, mwaka kesho hakuna mutu atatoa. Weye unaita kelele, mimi minaita preuve, ushahidi. Tena siku ile uliniita mwizi mbele ya bibi yangu."

"Sikukuita mwizi."

"Ulisema wenye banapunja batu mwaka muzima. Mu shirika yetu, tajiri mwingine iko nani?"

Ningeweza kuomba radhi pale. Badala yake nikamwambia kwamba wapakiaji wake hawana mkataba na akiugua mmoja anarudishwa kwake mikono mitupu. Nilimwambia hayo nikiwa nimesimama barazani kwake kumwomba. Unanijua, Mama, ulimi wangu nimeurithi kwa Papa. Akasema tutayazungumza hayo baada ya sikukuu, na nitamkumbusha. Lakini picha hakuiacha. Nami nikimfikiria Rachel anahesabu siku, sikuwa na nguvu ya kuondoka pale kwa ushindi mwingine.

"Basi niandike na mimi," nikasema. "Kama lazima maskini wasimame mbele, nasimama nao. Mshahara wangu wa mwezi jana haujafika, unajua. Usiandike mwalimu. Niweke katika mstari pamoja na watoto."

Alicheka hadi akajifuta macho. Kisha akaacha kucheka.

"Weye? Camarade?"

"Mimi."

"Selemani," akaita, "pima huyu."

Fundi akanigeuza, akasema nisimame wima, akanyoosha utepe wake kutoka bega hadi bega. Ile ncha yake ya chuma ilinigusa shingoni, ya baridi, na hapo nikakumbuka kitu ambacho hakimo katika hadithi yangu.

Nilishapimwa, Mama. Mlangoni pa bohari ya mchele, siku chache kabla ya Noeli ile. Kulikuwa na foleni ya watoto, na utepe ulinigusa pale pale. Wewe ulikuwa umenipaka mafuta kichwani na kiganja chako kilikuwa mgongoni mwangu, na uliniambia nisimame wima. Ulikuwa unacheka na fundi. Ni wewe uliyenipeleka. Papa hakuwa pale.

Miaka yote hii nimesimulia jinsi Papa alivyolirudisha shati, na katika hadithi yangu wewe humo kabisa. Sijawahi kujiuliza ulikuwa wapi alipolitoa nje, wala mlisemezana nini, wala ulifikiri nini uliponiona nimekaa karibu na jiko siku nzima. Sisemi Papa alikosea. Bado naamini patron alikuwa anamnunua. Lakini jana nilikuwa na hakika na leo sina, na hali hiyo sijaizoea.

Wakati wa kurudi nilipita kwa Mama Georgine nikamweleza yote: nguo zipo, picha ipo, na mimi nitasimama nao. Nikamwuliza kama atakubali, maana safari hii nilikumbuka kuuliza. Akasema, "Tutaona kesho." Basi. Rachel alikuwa anamenya makemba na hakuniangalia. Sijui kama atakuja. Labda nimechelewa. Labda mama yake amechoka na sisi sote, tunaompa na tunaomkataza, na siwezi kumlaumu. Na wenzangu wa sendika wataiona picha hiyo, na kuna wawili ninaowajua ambao watafurahi sana.

Mama Véro amepiga tena. Msalimie Chantal, mdogo wangu mwenye simu isiyopumzika. Chantal, najua ni wewe unayesoma kwa sauti, usiruke mistari. Msalimie tonton Albert, mdogo wa Papa, ambaye hapatani na mapadri lakini wali wa Noeli hajawahi kuukosa. Msalimie na shangazi wa Basoko aliyehamia kwako, mwambie chumvi niliyomwahidi iko katika mzigo huu. Béatrice anakupigia magoti, na Neema anasema utamwona na gauni lake jekundu. Ndiyo, atalivaa, sina nguvu tena ya kulikataza.

Picha ikifika, usiangalie shati langu. Selemani alikuwa na moja tu kubwa, na nilipolijaribu lilinibana kwapani. Wewe hesabu watoto. Ukiona msichana mmoja mrefu, ndiye Rachel, na wadogo zake wawili kando yangu, kaa ule kwa amani. Ukiwakosa, ujue wako nyuma ya nyumba, na ujue ni nani aliyewaweka huko.

Mama Véro anarudi Jumamosi. Sitaki barua ndefu, najua macho yako. Mpe jibu la neno moja tu aniletee: siku ile ya Noeli, ulitaka nilivae?

Mimi mwanao aliyepimwa mara mbili,

Faustin