Maua ya Baba Limi na Ng'ombe wa Mahari

Bibi Kijakazi mshauri wetu, shikamoo. Naomba msaada na usinicheke, maana hapa kijijini wameshanicheka vya kutosha. Mume wangu Maduhu alikuwa akitunza bustani ya mzungu mmoja mjini, na alipoacha kazi wenzake walirudi na baiskeli na redio, yeye akarudi na vijiti ndani ya gunia bichi, akang'oa wigo wa minyaa tulioachiwa na marehemu baba mkwe, akapanda maua yenye njano na wekundu katika kichwa kimoja, nami sikatai yalikuwa mazuri, hata nikawagawia wenzangu wa kwaya wapande kwao, lakini sasa yamefunga njia ya kisimani, yamezunguka choo mpaka mgeni akitaka kwenda lazima nimtangulie na panga, na kila asubuhi Baba Limi anayaamkia maua kabla hajaniamkia mimi.

Hayo ningevumilia, lakini binti yetu Limi amechumbiwa na kijana wa jirani yetu Mzee Ngassa, ng'ombe tumeshakubaliana, na kiangazi kilichopita ndama wa Ngassa alikosa majani akala maua yetu, ngozi ikambabuka puani, macho yakawa manjano, akafa. Sasa Ngassa amesimama mbele ya wazee akasema, “Maduhu, nkoi wane, rafiki yangu, mwanao namtaka, ila ng'ombe wangu hawakanyagi kwako mpaka uing'oe hiyo sumu.” Mume wangu akajibu, “Basi walete wamefungwa midomo!” Kikao kikavunjika. Limi ameacha hata kulia, jana akaniambia, “Mayu, mkishindwa kuelewana natoroka naye, mbaki na maua yenu.” Najua atafanya. Nikiyakata kwa siri, si nitarudishwa kwetu Ushetu?

Mama Limi, Shinyanga

JIBU

Mama Limi, marahaba. Nimecheka, unisamehe, hicho choo cha kuendea na panga kimenishinda. Sasa tuseme kweli. Maua hayo ni lantana, na Mzee Ngassa hana kiburi, amefiwa na ndama. Ng'ombe mwenye njaa akiyala ini linaharibika na jua linambabua. Ndege nao wanakula vitunda vyake vyeusi, kisha wanakwenda kuyapanda wasikotumwa.

Usikate kitu kwa siri, mke wa mtu haendi vitani na bustani ya mumewe gizani. Msomee Baba Limi barua hii. Kufyeka hakutoshi, yatachipua tena. Yang'oeni kwa jembe pamoja na mizizi sasa hivi udongo ukiwa laini kwa mvua, yaanikeni mahali ng'ombe hawafiki, yakikauka yachomeni. Msiache ardhi uchi, maana yatarudi. Pandeni marando ya viazi vitamu palepale. Yatatambaa na kuufunika udongo, nyie mtapika matembele na kuchemsha viazi, na ng'ombe akipita akang'ata hakuna msiba. Pembeni rudisheni minyaa ya mzee.

Baba Limi, najua umekaa hapo unajifanya husikilizi. Mkono wako wa bustani ni mzuri, umeupa kazi mbaya tu. Matuta uyapange wewe, mkeo asikuingilie. Marando nayo yana maua, ya zambarau, na hayajaua ndama wa mtu. Halafu nenda mwenyewe kwa Ngassa ukampe pole, bila kutuma mshenga.

Nawe Mama Limi, hapo kwenye kwaya ulipita mbio kweli! Nimekuona. Beba jembe uzunguke nyumba zote ulizogawa vijiti, ung'oe kimoja kimoja, na ukitaka kuimba huku unang'oa, imba.

Marando yakishafunika uwanja, mwiteni Ngassa alete ng'ombe wake. Baba Limi awakatie majani kwa mkono wake mwenyewe, wazee wakiona. Limi atakuwa ndani anasikiliza, kama mabinti wote siku hiyo. Akimsikia baba yake anawakaribisha ng'ombe wa watu waile bustani yake, hatajiuliza tena kama anapendwa kuliko maua.