Mbavu Zangu Ziko Dirishani kwa Mama Mkwe

Shangazi Kasyoka, nimekwama kabisa, nisaidie, mimi ni Musyimi, dereva wa lori hapa Emali, na sigara nimevuta tangu ujana, sasa kabla ya mvua nilikohoa sana nikapigwa picha ya kifua, daktari akaona kidoa kwenye pafu, akasema huenda ni kovu la TB niliyougua zamani au huenda ni kansa, kwa hivyo nimletee eksirei ya wakati ule alinganishe aone kama doa lilikuwepo na kama limekua, na hapo ndipo shida ilipo, maana hiyo eksirei mke wangu Katunge aliipeleka kwa mamake kule Kikima kuziba dirisha la jikoni lililovunjika kioo, na wewe ni Mkamba, unajua mambo ya nthoni, mimi na mama mkwe hata tukikutana njiani kila mtu anakwepa upande wake, nitaingiaje jikoni kwake nikang'oe kifua changu dirishani? Katunge ningemtuma lakini sijamwambia kuhusu doa, ataanza kunililia hata kabla sijafa, basi nimekaa tu, mvua imekuja ikaisha. Nifanye nini?

Musyimi, Emali

Pole, Musyimi. Sasa keti nikugombeze.

Heshima yako ni ya ajabu. Unamkwepa mama mkwe asikuone uso, kumbe kila asubuhi akichemsha chai anaziangalia mbavu zako zote, jua likipita katikati. Aibu gani tena imebaki? Na siri umeiweka vizuri sana: umeogopa kumwambia mke mmoja, ukaliambia gazeti zima.

Doa halijui nthoni. Kama ni kovu, umejinyima usingizi bure. Kama ni kansa, linakua huku umekaa Emali na adabu zako, na ikikamatwa mapema ndipo kuna la kufanya. Hilo linaniogopesha, ndugu yangu.

Mwambie Katunge leo, ana kwa ana. Akilia, mwache alie, na wewe lia kama unataka. Kesho aende Kikima aitoe hiyo picha, na ampelekee mamake kioo, jamani! Ikiwa moshi umeiharibu, rudi kwa daktari mikono mitupu ufanyiwe skani, na akitaka kutoa kipande kidogo akapime, kubali. Sigara uache sasa hivi, na usiniambie habari ya ile moja ya mwisho.

Tena harakisha. Gazeti hili hufika Kikima mapema, na akina mama wa huko huanza na ukurasa huu. Katunge asiambiwe na mamake.