Kifaa Kilichonyamaza Siku ya Posa

Mjukuu wangu Mwanahawa,

Huku Kwamndolwa tu wazima. Bibi yako hajambo, mahindi yameanza kubeba. Umeniuliza kama ni kweli kifaa changu cha sikio kimekufa. Nani kakwambia? Ni baba yako mdogo Shabani, najua!

Ujanani mwangu, redio ya baba ikinyamaza nyumba nzima ilihangaika. Huyu anaanika betri juani, yule anakwangua kutu, mwingine anapuliza vumbi. Hakuna aliyesema redio imezeeka, tuiache.

Juzi walipokuja wageni na posa yako, kifaa kikanyamaza. Nikainua mkono wasubiri. Shabani akawaambia, na midomo yake niliisoma vizuri, "Tuendelee tu, mzee hasikii." Nyumbani kwangu!

Nikakivua palepale. Nta ya sikio ilikuwa imeziba tundu. Nikaisugua kwa kibrashi chake, nikafuta kwa kitambaa kikavu, nikabadilisha betri. Ukimenya chungwa unachelewa zaidi. Sauti ikarudi.

"Sasa anzeni upya," nikasema, "tangu salamu."

Wageni wakaniamkia tena. Shabani naye, kichwa chini: "Shikamoo, baba." Sikuitikia haraka.

Wakasema yote waliyoyasema, nami nikasikia yote. Hapo hasira ikanipanda upya, maana hakuna hata mmoja aliyetaja kuwa umeulizwa. Nimekataa kuwajibu.

Wewe masikio yako ni mazima, Mwanahawa. Huyo kijana unamtaka?

Babu yako